Safari ya Dar: Magari Mawili

Jumatano

20:04 Mwanakombo: Assalamu alaykum watu wa nyumbani. Ijumaa baada ya alfajiri twaondoka Shela hapa Malindi inshallah. Mpaka saa hii sijui nani atachukua laini ya Tanzania. Kila mtu ajibu LEO.

20:31 Mwanakombo: Mumesoma. Naiona orodha, kumi na mmoja washasoma.

20:33 Fuad: Mimi sijasoma, nimechungulia tu

20:35 Halati Zena: Waalaykum salaam. Mandazi niwapikie mangapi?

20:35 Mwanakombo: Halati, mandazi baadaye. Twazungumza simu.

20:36 Halati Zena: Simu haziliwi.

20:36 Fuad: 😂😂😂

20:41 Mwanakombo: Nisikilizeni. Laini ya huku kule yaingia kwenye roming, yaani yaazima mtandao wa nchi ile, na bando la wiki ulilonunua hapa Malindi halikusaidii. Ukiiacha data wazi, simu yala kredo yenyewe na wewe umelala. Kwa hivyo tukivuka mpaka pale Horohoro kila gari litoe mtu mmoja mwenye PASI ya kusafiria, aende kwa wakala asajili laini. Wataka na alama za vidole. Laini moja kwa gari, wengine wagawiwe hotispoti.

20:43 Mwanakombo: Laini zenu za Kenya msizitoe, ziacheni kwenye tundu la pili, ujumbe wa benki waja huko. WhatsApp ikiuliza wataka kubadilisha namba, mkatae. Na ramani pakueni hapa hapa nyumbani, kutoka Tanga mpaka Dar.

20:50 Fuad: Mimi mara ya mwisho niko Lunga Lunga, upande wetu wa mpaka, sijashuka hata garini, simu yaniambia Karibu Tanzania. Nilikuwa nanunua mahindi!

20:51 Mwanakombo: Ndiyo maana nasema roming mzime Ukunda, musingoje kufika mpakani.

20:58 Mwanaidi wa Tanga: Karibuni sana jamani. Na mkifika dukani msiseme kredo, semeni vocha, la sivyo mtatazamwa. Mkiona bango la Yas, ndiyo ile kampuni ya simu ya Tigo ya zamani.

20:59 Mwanaidi wa Tanga: Lakini mnajisumbua, mimi nina laini ya pili haina kazi, nawapa.

21:02 Mwanakombo: Ahsante dadangu, lakini laini ya jina lako itumiwe na mtu mwengine, kesho kukitokea jambo utaitwa wewe. Kila mtu na vidole vyake.

21:03 Mwanaidi wa Tanga: Haya mwalimu 🙏

21:04 Mwanakombo: Gari la kwanza, pasi yangu ninayo. Gari la pili? Abdalla?

21:15 Mwanakombo: Abdalla.

21:16 Abdalla: Pasi iko

21:16 Abdalla: ila iliisha Machi

21:17 Mwanakombo: YARABI

21:18 Abdalla: Kuvuka nitavuka, nakata hati ya muda kwa kitambulisho. Itakuwa sawa tu.

21:19 Mwanakombo: Kuvuka ni kuvuka. Wakala akiikataa hiyo karatasi, gari zima halina simu. Na mwaka ule pia ulisema "itakuwa sawa tu".

21:19 Zuhura: Njia panda ya Segera 🙈

21:20 Fuad: Bismillahi, kata kulia!

21:22 Abdalla: Tushaanza. Ilikuwa usiku, na aliyesema kulia si mimi. Anajijua.

21:23 Mwanakombo: Dar ni kushoto, bango kubwa kama nyumba. Sisi tumekaa Chalinze masaa matatu, chai imepoa mara nne, nyinyi muko Korogwe mwala machungwa.

21:24 Abdalla: Machungwa yalikuwa ya Muheza.

21:24 Fuad: 😂😂😂 haki ya Mungu

21:26 Zuhura: Yale matamu lakini, tuseme kweli

21:40 Salma: Niko kwa Nyanya, nimemsomea yote. Anasema niandike vile vile anavyosema, nisibadilishe neno.

21:44 Salma: "Machungwa si kitu. Usiku ule simu iliita mara moja ikakatika. Babu yenu alikaa kwenye baraza na kikombe mkononi mpaka adhana, hakukinywa wala hakukiweka chini. Aliniuliza, Abdalla kasemaje? Akauliza tena. Sikuwa na la kumjibu. Safari hii mimi sitaki picha wala maandishi, nataka sauti. Mukivuka mnipigie. Mukifika Segera mnipigie. Na gari la nyuma lisikate kona yoyote mpaka lilione la mbele kwa macho."

21:45 Salma: Amemaliza. Ameenda kutawadha.

22:19 Abdalla: Sawa Nyanya. Nisamehe.

22:21 Mwanakombo: Tumesikia Nyanya.

22:25 Mwanakombo: Basi jamani, Salma twaenda naye, na simu ya Nyanya ni kabambe, ile ya vibonyezo, haina WhatsApp. Bando la intaneti peke yake halitoshi, kila laini itiwe na vocha ya kupiga Kenya. Na namba ya Nyanya muiandike upya, ianze na +254. Mukipiga 07 mukiwa kule haitamfikia.

22:27 Mwanakombo: Muiandike na karatasini. Simu huzima.

22:30 Mwanakombo: Tumebakia gari la pili. Zuhura wewe una pasi?

22:48 Zuhura: Ninayo, lakini iko Mombasa kwa Ma Mwanajuma. Tukipitia Likoni naichukua, ni karibu na feri. Tukizungukia barabara ya Dongo Kundu siipati.

22:49 Fuad: Mimi kwenye feri sipandi. Nilishasema tangu Ramadhani.

22:50 Mwanakombo: Fuad gari si lako

22:50 Fuad: Mafuta ni ya nani?

22:52 Halati Zena: Nimeloweka unga wa kilo tatu. Asiyetaka shauri yake.

Alhamisi

06:10 Ami Athmani: Salaam alaykum. Mimi niko gari gani?

06:12 Mwanakombo: La kwanza Ami, shikamoo. Zuhura, Ma Mwanajuma asema yuko nyumbani mpaka adhuhuri ya Ijumaa.

06:13 Mwanakombo: Fuad, nimekupigia mara tatu. Pokea simu.