Kufungwa kwa Mji wa Kale na Eastleigh 2020: afya au ubaguzi?

Mwanzisha mada (Mji wa Kale)
Tarehe 6 Mei 2020, katikati ya Ramadhani, waziri wa afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, alipiga marufuku kuingia na kutoka Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, na Mji wa Kale, Mombasa. Siku 15, zikaongezwa hadi Juni. Corona ilikuwepo, sibishi, tulizika. Lakini mgonjwa wa kwanza nchini, aliyetangazwa Machi 13, alishuka na ndege akitoka Marekani kupitia London. Ugonjwa uliletwa na wenye pasipoti. Mbona sikuona kizuizi cha polisi kwenye mitaa yenye mageti? Msomali, hata kama hajakanyaga Eastleigh mwaka mzima, akawa ndiye corona. Semeni.

Mkaazi wa Nyali
Acha kutia ukabila kwenye ugonjwa. Nairobi yote ilifungwa tangu Aprili 6, Mombasa, Kilifi na Kwale siku mbili baadaye. Nyali, mtaa wa wenye nacho hapa Mombasa, tulikuwa ndani vilevile. Na mlipoletewa upimaji hadi mlangoni, mlijitokeza wangapi?

Mwanzisha mada
Wachache, nakubali. Sasa uliza kwa nini. Ukipatikana nayo, wewe na wa nyumbani mwako mnachukuliwa. Na watu walikuwa wameshasikia ya waliopelekwa karantini wakadaiwa shilingi 2,000 kwa siku, wengine muda umeisha lakini hawaachiliwi mpaka walipe. Serikali ilipokuja kusema itabeba gharama, nani angeamini? Nyumba zetu babu, wana na wajukuu wako chini ya dari moja. Anayepimwa anapimia ukoo mzima.

Muuza dawa, Eastleigh
Nyote wawili mmewasahau wabeba mizigo. Mwenye duka alikuwa na akiba kidogo. Anayelala Mathare, mtaa wa mabanda jirani, na riziki yake iko Eastleigh alifungiwa nje, na hakuna aliyemletea unga. Hawa wengi wao si Wasomali.

Mkaazi wa Nyali
Basi tumekubaliana: ni umaskini, si kabila.

Muuza dawa, Eastleigh
Polepole, kaka. Mimi Mkamba, jirani yangu Msomali, sote tunauza dawa, sote tulikuwa na barua ya kazi. Kwenye kizuizi mimi sikuulizwa barua hata siku moja. Yeye aliitoa kila asubuhi, na mara mbili akarudishwa nayo mkononi.