Mnaotuuzia betri za laptopu mkizivisha ngozi mpya hapa Malindi, mtaua mtu!

Wanajamvi salaam. Nimekaa na hili jambo siku tatu najizuia nisiandike na hasira, lakini hasira yenyewe haishuki, kila nikifungua bandeji naiona upya, kwa hivo leo wacha niseme.

Wanaonijua hapa mtaani wanajua mi napenda kuunda vepu, yaani sigara za umeme za kuvuta mvuke. Sio zile za kutupa zenye rangi za peremende wanazouziwa watoto wa skuli, hizo hata kesho zikipigwa marufuku mi nitapiga makofi. Nasema vile vya kujiundia, unasokota koili yako mwenyewe, yaani ule waya wa kupasha moto, unatia pamba yako, unapima omu (ukinzani wa waya) kwenye mita kabla hujagusa suichi. Tuko watu watano, tunakutana kwenye baraza moja baada ya isha, kuna fundi wa injini za boti, kuna sonara, kuna kijana wa kutengeneza simu, tunakaa na bisibisi zetu na kahawa mpaka saa nne usiku. Mi niliacha sigara kwa njia hii, mwaka wa nne sasa, nikotini bado naivuta sikatai na asiyevuta simshauri aanze. Lakini kazi ya mkono naipenda kwelikweli na naifanya kwa hesabu, hilo mlishike manake ndio naletewa lawama.

Modi yangu, yaani kile kiwiliwili cha vepu kinachobeba betri, nilinunua kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa anauza vyombo vyake kabla hajarudi kwao. Ni bomba la shaba tupu, halina saketi, halina kioo, ni betri, suichi ya chini, na juu pale pa kufungia koili. Yaani hakuna kitu ndani cha kukuzuia ukikosea, umeme unatoka kwenye betri unaingia kwenye waya moja kwa moja, na hesabu zote ziko kichwani mwako. Ndio maana asiyejua simpi hata aishike.

Hesabu yenyewe sio ya chuo kikuu jamani. Betri ikijaa ina volti 4.2. Unagawa kwa omu za koili unapata ampea. Siku hiyo nilisokota koili mbili za waya wa Kanthal geji 24, mizunguko sita kila moja juu ya bit ya drili ya milimita 3, nikafunga zote mbili, mita ikasoma omu 0.26. Sasa 4.2 gawa kwa 0.26 ni ampea 16 na kidogo. Betri niliyouziwa niliambiwa ni ya ampea 20. Kwa hivo niko ndani ya mpaka na nafasi imebaki, mtu yeyote wa vepu atakwambia hapo hakuna kosa.

Betri nilinunua mbili, kwa duka moja la vifaa vya umeme hapahapa mjini, jina silitaji kwa sababu sitaki kesi nataka haki yangu. Shilingi elfu moja mia mbili kila moja. Nilimuuliza yule bwana mara tatu, nikamwambia kaka, mi sizitii kwenye tochi, natia kwenye kitu kinachokula ampea nyingi, hizi ni zenyewe? Akaniapia. Walla akaniapia mbele ya mtu, akasema mzigo umetoka Nairobi juzi, ni 2500 kwa ujazo wa chaji (mAh), ni ampea 20, ziko na jina la ile kampuni kubwa ya Korea, we tumia kwa amani. Na mi nikamuamini kwa sababu plastiki ilikuwa inang'aa, maandishi yamenyooka, hata ile karatasi nyeupe ya duara juu ilikuwa imekaa sawa.

Alasiri ya siku ya pili nikakaa kibarazani. Nimetia pamba, nimeloesha na kimiminika cha kuvuta, nimebonyeza mara ya kwanza mvuke umetoka vizuri. Mara ya pili vizuri. Mara ya tatu nikaona mvuke umekuwa mwepesi, kama betri inaisha, na nimeitoa kwenye chaja nusu saa nyuma! Nikasema hapa kuna jambo. Nikaachilia suichi. Ndo nikasikia bomba lina joto, sio joto la juu kwenye koili, joto la katikati, pale betri ilipo, na linapanda huku nimeshika. Mpwa wangu wa miaka sita alikuwa amekaa pembeni yangu anakula mahamri. Nikageuza bomba nitoe betri, kifuniko cha chini kimekaza, na pale ndio kiganja kikaungua, kati ya dole gumba na shahada, ngozi imebaki kwenye shaba. Mtoto anapiga kelele Ami inatoa moshi, Ami inatoa moshi. Nikairusha kwenye mchanga wa nje, ikalia sssss kama samaki kwenye mafuta, moshi mweupe ukatoka kwenye vile vitundu vya chini, harufu kali ya kukata koo, mpaka jirani akatoka kuuliza kuna nini.

Vile vitundu ndivyo vilivyonisitiri. Anayeunda modi akiacha kutoboa vitundu vya kupumulia basi gesi haina pa kutokea na bomba la shaba linageuka kitu kingine kabisa, na mi nilikuwa nimelishika usawa wa uso wangu sekunde kumi nyuma. Na mtoto amekaa pale. Nikilala nafikiria hilo tu.

Sasa ile ya pili, ambayo sikuitia. Nikaipeleka kwa sonara wetu tukaiweka kwenye mizani yake ya dhahabu, ikaja gramu 45, uzito ni uleule wa betri ya kweli, kwa hivo wale mnaosema pima uzito utajua feki, uzito unakamata zile zilizojazwa unga ama kibetri kidogo ndani, hizi haukamati. Kijana wa simu akachana plastiki taratibu na wembe. Ngozi ikatoka, chini yake bati kuukuu limekwaruzwa, na upande wa negativu, wallahi tulinyamaza wote, kuna vidoa vinne vidogo, viwili viwili, vya kuchomelewa, halafu vimepigwa tupa kuficha. Yule kijana hata hakuhitaji kufikiri, amefungua pakiti za betri za laptopu maisha yake yote. Zile betri ndani ya laptopu zinaunganishwa kwa utepe wa nikeli, utepe unachomelewa kwa nukta hivohivo. Mtu ameng'oa utepe na plaizi, akasugua, akavisha plastiki mpya, akapuliza moto ikabana, akaandika 20A.

Betri za laptopu za namna ile kwa kawaida zimeundwa kutoa ampea nne tano polepole, na hiyo ni ikiwa mpya, sio imeshazeeka ikatupwa. Mi nikaivuta ampea 16. Ni kama umchukue punda mzee wa kubeba mchanga umpakie lori zima halafu umchape. Kwa hivo kosa ni la nani hapo, la koili?

Nikarudi dukani na mkono umefungwa, nimebeba ngozi ya plastiki na betri kwenye mkebe. Mnajua nimeambiwa nini? Kwanza, "wewe umepiga shoti mwenyewe." Nikamuonyesha zile nukta. Akasema hizo ni za kiwandani. Nikamwambia basi toa moja mpya kwenye rafu tuichane hapa hapa mbele ya wateja, kama haina nukta nakulipa mara mbili. Akakataa! Halafu akabadilisha maneno, akaanza na mambo ya vepu ni haramu, vepu zinapasua mapafu, huko Marekani zimeua watu, we ndo umejitakia.

Hapa nataka kusema jambo manake hata nyumbani nimeletewa hayohayo. Ile ya Marekani ya mwaka 2019 watu waliugua mapafu na wengine wakafa, ni kweli, lakini kilichopatikana zaidi ni mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa kwenye vepu za bangi za magendo. Yaani hata kule tatizo lilikuwa mfanyabiashara aliyechakachua bidhaa akaiuza kama safi. Ukitaka kuniambia uraibu wa nikotini si mzuri niambie nitakusikiliza, mi mwenyewe nausema. Lakini usiniuzie betri iliyokufa kwa bei ya mpya halafu unihubirie mapafu. Na isitoshe betri hizihizi za 18650 hawanunui watu wa vepu peke yao, hebu tazameni, ziko kwenye tochi za wavuvi, ziko kwenye pawabenki, ziko kwenye taa za sola zinazolala vyumbani na watoto. Tochi haivuti ampea nyingi ndio maana haitoi moshi, lakini uongo ni uleule.

Na kwenye rafu ileile kuna nyingine zimeandikwa ujazo wa 9900. Jamani 9900! Hiyo 18650 ni kipimo tu, upana milimita 18 na urefu 65, na ndani ya kibomba hicho betri za kawaida za kweli zinagota kwenye 3500 au 3600. Tena zile kubwa za 3500 mara nyingi ampea zake ndio ndogo, huwezi kupata vyote viwili bure. Anayeandika 9900 anajua mteja hajui, na hiyo ndio biashara yake, kutojua kwetu.

Kuna mdogo wetu mmoja pale barazani ana miaka 22, yeye ndiye alikuwa anunue hizi betri, akaniachia mimi kwa sababu alikuwa hajalipwa. Modi yake kaichonga mwenyewe kwa bomba la mabaki na haina kitundu hata kimoja. Nimemchukulia nimeifungia mpaka tuitoboe, kanuna, lakini anune tu.

Ninachotaka kwa yule bwana, na najua atasoma manake nimeona shemeji yake yuko humu. Shilingi 2,400 zangu nirudishie. Hela ya dawa sikudai. Zile zilizobaki rafuni, nilihesabu kumi na moja, zitoe leo. Na useme ni nani anakuletea, manake sidhani unazivisha mwenyewe, kuna mtu ana gunia la laptopu mbovu na mashine ya plastiki mahali fulani na huyo ndiye namtaka zaidi kuliko wewe.

Na wewe uliyenunua betri za plastiki ya kijani katika miezi hii miwili mitatu hapa mjini, usizichaji usiku huu. Itoe kwenye kifaa, ishike chini ya taa, bonyeza kidole kwenye plastiki upande wa negativu, kama kuna vijipele ama mikwaruzo ya tupa usiitumie hata kwa tochi. Usiitie mfukoni na funguo, usiitupe jaa wanakochoma taka. Tia kipande cha selotepu kwenye ncha zote mbili, iweke kwenye mkebe na mchanga mkavu nje ya nyumba. Halafu piga picha zile nukta uweke hapa chini. Yangu nimeweka ya kwanza.