Cheti cha ndoa cha Ireland, 1871: Parsonstown na King's County ziko wapi?

Mfuatilia Ukoo
Wadau, naomba mwongozo wenu. Mke wangu ana asili ya Ireland kwa upande wa bibi yake, na tumepata nakala ya cheti cha ndoa ya wahenga wake, Wakatoliki waliooana mwaka 1871. Wilaya ya usajili ni Parsonstown, mkoa ni King's County, na makazi ya bwana harusi, ambaye ukoo wake ni Carroll, yameandikwa "Crenkle". Majina yote matatu siyaoni kwenye ramani ya leo. Umri haukutajwa, ila imeandikwa tu kwamba wote wawili ni watu wazima. Nimepekua kumbukumbu za serikali nikitafuta kuzaliwa kwa bwana harusi kati ya 1840 na 1852, sikuambulia kitu. Je, zilipotea?

Msoma Rejista
Ndugu, hazikupotea, hazikuwahi kuandikwa. Serikali ilianza kusajili vizazi, vifo na ndoa zote tarehe 1 Januari 1864, na kabla ya hapo, tangu Aprili 1845, ilisajili ndoa za wasio Wakatoliki pekee. Kwa kuwa "mtu mzima" kwenye vyeti hivyo ni aliyetimiza miaka 21, huyo bwana alizaliwa kabla ya usajili kuanza, na tumaini lako ni rejista za ubatizo za parokia, ambazo picha zake, nyingi zikiishia karibu mwaka 1880, Maktaba ya Taifa ya Ireland imeziweka mtandaoni bila malipo.

Parsonstown ndiyo Birr, na King's County ndiyo Offaly. Majina hayo ya kikoloni yaliachwa. "Crenkle" bila shaka ni Crinkill, kijiji kinachopakana na Birr. Hata hivyo, usikimbilie kusema ndiko alikozaliwa, kwa sababu cheti hutaja mahali mtu alipokuwa akiishi siku ya ndoa, na Crinkill ilikuwa na kambi kubwa ya jeshi iliyovuta watu wa kila namna. Isitoshe, wilaya za usajili zilifuata mipaka ya maeneo ya kuhudumia maskini, si ya mikoa, na hii ya Parsonstown ilivuka hadi Tipperary.

Bi Nyaraka
Naongeza kwamba ingefaa uanze na watoto wao. Waliozaliwa baada ya 1871 wamo katika usajili wa serikali, na kila ingizo hutaja ukoo wa mama kabla ya kuolewa pamoja na mahali mtoto alipozaliwa, mara nyingi kwa jina la kitongoji. Picha za rejista zenye umri wa zaidi ya miaka 100 zinapatikana bure katika irishgenealogy.ie. Vitongoji vya Ireland vinazidi 60,000 na wasajili waliviandika kama walivyovisikia. Ukikwama, tovuti ya logainm.ie huonyesha tahajia za zamani za jina moja. Tafuta pia O'Carroll, kwani hiyo "O" iliondolewa na kurudishwa bila utaratibu wowote.

Mfuatilia Ukoo
Nashukuru sana. Na sensa je, inaweza kunipa umri wake?

Msoma Rejista
Za zamani zaidi zilizosalia kamili ni za 1901 na 1911. Za 1821 hadi 1851 ziliteketea karibu zote mwaka 1922, Ofisi ya Kumbukumbu ya Dublin ilipoungua katika vita, na za 1861 hadi 1891 serikali yenyewe ilikuwa imeshaziharibu. Umri wa 1911 upokee kwa tahadhari: malipo ya uzeeni kwa waliofikisha miaka 70 yalianza Januari 1909, na wengi walizeeka kwa zaidi ya miaka kumi kati ya sensa hizo mbili.

Bi Nyaraka
Tarehe za kuzaliwa za watoto nazo zina walakini. Waliochelewa kusajili walitozwa faini, kwa hiyo baadhi ya wazazi waliisogeza tarehe mbele, na ndiyo maana utakuta mtoto aliyebatizwa kabla "hajazaliwa". Hapo mimi huamini kitabu cha padri.