Alto ya zamani, mauthipisi mpya: noti za juu zinapanda, za chini zinagugumia

Alto_ya_Babu:
Wakuu, habari zenu. Babu aliniachia saksafoni ya alto ya miaka ya 1920. Kwa miaka miwili nimeipuliza na mauthipisi yake ya zamani (kile kipande cha kupulizia kinachoingia mdomoni), nyeusi, ya eboniti, yaani mpira mgumu, pana ndani. Miezi miwili iliyopita iliniponyoka mkononi ikamegeka ncha. Nimenunua nyingine ya chuma, ya zile zinazosifiwa kwa sauti kali.

Nguvu imeongezeka kweli. Ila kuanzia D ya juu noti zote zinapanda kuliko inavyotakiwa, na nikishuka kwenye B na Bb za chini kabisa sauti inatokota kama maji jikoni. Nimetoka ridi (kile kijiti bapa kinachotetemeka kwenye mauthipisi) namba 2½ nikaenda 3, iliyo ngumu zaidi, hali ni ile ile. Chombo kimechoka, au ni mimi? Naomba msaada, hii saksafoni siwezi kuiacha.

Pumzi_Ndefu:
Pole kwa mauthipisi ya babu. Usiitupe, nitakwambia kwa nini.

Kwanza fanya jambo moja leo hii. Ichomoe mauthipisi kwenye shingo, ipulize peke yake kwa nguvu unayotumia siku zote, na simu ikiwa mbele yako na programu ya kupimia noti. Kwa alto tunatafuta A ya piano, ile ya hezi 880. Ikitoka B au C, ujue taya linabana ridi. Mimi nilibana kwa miaka mingi bila kujua. Mdomo wa chini ulikuwa na alama ya meno kila jioni, nami nikidhani ndiyo bidii.

Sasa mauthipisi yenyewe. Mwili wa saksafoni ni koni iliyokatwa ncha. Ukizirefusha kuta zake kwa mawazo, kutoka shingoni kwenda mbele, zingekutana mahali fulani. Ncha hiyo haipo, na mauthipisi ndiyo inayoshika nafasi yake. Kwa hiyo nafasi iliyo ndani ya mauthipisi inapaswa kukaribiana na nafasi ya ncha iliyokatwa. Ikiwa ndogo mno, oktava zinatanuka: za juu zinapanda kuliko za chini, na zile za chini kabisa zinakosa utulivu, zinagugumia. Ndicho unachokieleza wewe, neno kwa neno.

Adolphe Sax, mzaliwa wa Dinant, Ubelgiji, alipata hataza ya saksafoni kule Paris mwaka 1846, na mauthipisi zake zilikuwa na chemba, yaani nafasi ya ndani, kubwa ya mviringo. Alto ya babu yako bado ni ya ukoo huo. Baadaye, bendi kubwa za dansi zilipojaa tarumbeta na tromboni, mpiga saksafoni alitaka asikike katikati ya shaba zote zile. Watengenezaji wakaibana chemba, wakaishusha dari ya ndani ikaribie ridi, hewa ikapita kwa kasi na sauti ikawa na makali. Saksafoni nazo zikarekebishwa polepole kuendana na mauthipisi hizo. Yako haikurekebishwa. Umeipa ncha ya koni nyingine.

Mpiga saksafoni Sigurd Raschèr, aliyefariki mwaka 2001, alishikilia chemba pana maisha yake yote, na kwa mauthipisi hizo hizo alipanda hadi oktava nne. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba chemba kubwa ni ya wavivu wa noti za juu.

Tena_Usiku:
Nakubaliana na Pumzi_Ndefu, ila naomba chuma kisihukumiwe. Kinachoamua ni umbo la ndani, madini yanafuata mbali sana nyuma. John Coltrane, yule mpiga jazi, alipiga saksafoni ya tena kwa mauthipisi ya chuma ya Otto Link, na zile zina chemba kubwa. Ukifumba macho ukasikiliza ukali peke yake, huwezi kutaja kwa uhakika kama ni chuma au eboniti.

Halafu hilo la kupandisha ridi hadi namba 3. Je, mwanya kati ya ncha na ridi ni mpana kuliko ule wa zamani? Kama ni mpana, ulipaswa kushuka, siyo kupanda. Mwanya mpana na ridi ngumu vinalilazimisha taya libane, na hapo D ya juu lazima ipande.

Na kabla ya kununua chochote, ingia chumba chenye giza, teremsha taa ndogo ndani ya mwili wa saksafoni, funga vitufe kwa upole. Mwanga ukichungulia pembeni mwa pedi, vile vifuniko laini vinavyoziba matundu, hewa inavuja, na uvujaji peke yake unatosha kuzigugumiza Bb na B.

Alto_ya_Babu:
Nimerudi baada ya siku tisa.

Mauthipisi peke yake ilitoa C, tena imepanda kidogo. Nilishtuka. Taa nayo ilionyesha mwanga kwenye pedi ya G#, fundi ameibadilisha. Nimerudi ridi 2½. Sasa napata A nikitulia, lakini nikirudisha mauthipisi shingoni taya linakumbuka tabia yake. D ya juu imeshuka, bado haijafika. Bb ya chini inagugumia mara moja moja.

Pumzi_Ndefu:
Kutoka C hadi A kwa siku tisa ni kazi kubwa, mdogo wangu.

Ongeza hili kila siku, dakika kumi kabla ya wimbo wowote. Shika vidole vya Bb ya chini, usiguse kitufe cha oktava, usibadilishe kidole hata kimoja. Itoe Bb yenyewe, kisha ile ya oktava moja juu, kisha F, kisha Bb nyingine, kisha D. Zote zimo ndani ya bomba lile lile, na koo ndilo linalochagua. Kwenye Bb ya chini weka koo kama unatamka "o", ukipanda sogeza ulimi kuelekea "i", taya libaki limetulia. Siku ya kwanza F itakukatalia. Usibane ili uipate. Iache, rudi kesho.

Na mauthipisi ya babu, kama ni ncha tu iliyomegeka na chemba ni nzima, mtafute fundi wa mauthipisi, siyo fundi wa pedi. Anaweza kuisugua upya meza, pale ridi inapolala, na mkunjo wa mbele unaoelekea nchani. Ncha ikishasuguliwa mwanya utabadilika kidogo, hivyo mwambie ulikuwa unatumia ridi namba ngapi.

Alto_ya_Babu:
Nimeifungua kabati kuiangalia. Chemba ni nzima. Naipeleka Jumatatu. Leo F imetoka mara mbili.