Tezi za mate ni jozi 3 au 4? Tumegombana na mtu Wikipedia

mwalimu_ngamiani
Habari za jioni wadau. Mi niko Tanga hapa, nafundisha baiolojia sekondari, na usiku bando likiwepo huwa nahariri Wikipedia ya Kiswahili, hasa makala za mwili wa binadamu. Juzi kuna mtu kaingia kwenye tezi za mate, palipoandikwa jozi tatu kubwa yeye kaweka nne, eti Waholanzi wamegundua mpya mwaka 2020 huko nyuma ya pua. Nikafuta, akarudisha. Nikafuta tena, akarudisha na maneno juu, "mwalimu soma vitu vipya". Chanzo chake ni habari moja tu ya gazeti la mtandaoni. Sasa jana mwanafunzi kaandika nne kwenye jaribio, nikamkata, akaja na simu mpaka mezani kwangu, "mwalimu si Wikipedia hii hapa?" Darasa zima kimya linaniangalia mimi. Hiki kitu kiondoke kabisa au kibaki? Maana nikifuta mara ya tatu naonekana mkorofi.

pwani_pwani
Futa bila kumuonea haya. Kila mwaka wanagundua kiungo kipya hao.

daktari_meno_bgy
@pwani_pwani taratibu ndugu yangu, hiyo habari si ya uongo. Ni timu ya taasisi ya saratani ya Amsterdam. Walikuwa wanaangalia skani za wagonjwa 100 wa saratani, karibu wote wa tezi dume, wanaume 99 na mwanamke mmoja. Ile dawa ya mionzi wanayochomwa kabla ya skani inang'ang'ania seli za saratani ya tezi dume lakini inashika na tezi za mate pia, ndo wakaona sehemu mbili zinawaka kule juu ya koo, nyuma ya pua, kila moja urefu kama sentimita 4, pale unapotokea mrija wa sikio. Wakapasua maiti mbili wakakuta kweli kuna tezi za kutoa ute.

Ugomvi uko kwenye jina sasa. Wao wanasema ihesabiwe jozi ya nne ya tezi kubwa. Wengine wakajibu kwamba hizo ni tezi ndogo ndogo zimejazana sehemu moja, maana kinywani na kooni tunazo kama elfu hivi zimetawanyika, na kwamba kwenye mrija huo kuna tezi ni jambo la zamani.

Mwalimu, fanya hivi na wanafunzi wako. Mmoja ashike kioo anyanyue ulimi, mwingine akate embe mbichi mbele yake atie chumvi na pilipili. Utaona mate yanachuruzika kwenye vijitundu viwili pembeni ya ule uzi wa ulimi. Ya tezi ya shavuni, ile inayovimba mtoto akiugua matubwitubwi, yanatokea ndani ya shavu usawa wa gego la pili la juu. Hizo kila mtu anaziona, tundu lake linajulikana. Za nyuma ya pua huwezi kuzionyesha hivyo, ndo maana watu hawajakubaliana. Ila kwa anayechomwa mionzi ya kichwa na shingo si mchezo, zikiungua mgonjwa anakaukiwa mdomo hata kumeza ugali shida, kwa hiyo kufuta kabisa mi sikubali.

mhariri_wa_usiku
Daktari kamaliza, mi naongezea ya Wikipedia tu. Wote wawili mmekosea, yeye kwa kubadilisha hesabu, wewe kwa kufuta kimya kimya bila kwenda ukurasa wa majadiliano. Wikipedia haiamui nani mkweli, inaeleza wataalamu wanasemaje na kwa uzito gani. Mstari wa kwanza uache tatu kama vitabu vya anatomia vinavyosema. Kisha chini, siyo juu kabisa, sentensi mbili: "Mwaka 2020 watafiti wa Uholanzi walipendekeza jozi ya nne nyuma ya pua. Wataalamu wengine wanaziona kuwa ni mkusanyiko wa tezi ndogo." Neno ni walipendekeza, usiandike waligundua, hapo ndo kesi yote ilipo. Na gazeti litoe, weka utafiti wenyewe pamoja na mapitio ya wataalamu wengine yaliyoandikwa baadaye, maana mtu hawezi kuwa shahidi wa kesi yake mwenyewe.

mwalimu_ngamiani
Shukrani sana wakuu. Nimemwandikia kwenye majadiliano, kumbe kijana wa chuo tu, muungwana kabisa, kakubali zote isipokuwa alitaka "baadhi ya wataalamu" badala ya "wataalamu wengine", nikamwachia. Ya embe tumefanya leo asubuhi, darasa zima limetema mate nje ya dirisha mpaka mkuu wa shule kaja kuuliza kuna nini. Yule mwanafunzi alama yake bado sijampa, swali lilisema taja tezi kubwa, na yeye ya nne kaiandika "ya Uholanzi".