Bomba na dirisha la chuma bafuni: nitajuaje kipi kifungwe waya wa erthi?

Fundi wa Pwani: Wakuu, habari za jioni. Nafunga umeme upya kwenye nyumba ya zamani hapa Tanga. Bafuni kuna shawa ya umeme, bomba la chuma linalotoka ardhini, fremu ya chuma ya dirisha, na chuma cha kutundikia taulo kilichokazwa kwa skrubu kwenye vigae. Mwenye nyumba anataka vyote vifungwe erthi. Roho yangu inasita. Kuna kipimo?

Mzee wa Mega: Kipo, mkuu. Zima swichi kuu. Kama kuna waya wa erthi umeshafungwa kwenye hicho chuma ufungue, la sivyo mita itakudanganya. Kwangua kutu mpaka chuma king'ae, weka mega (mita ya kupima ukinzani wa umeme) kwenye volti 500, ncha moja kwenye baa ya erthi, nyingine kwenye chuma, na mtu asiguse. Ikisoma chini ya omu 22,000 (omu ni kipimo cha ukinzani), kifunge. Juu ya hapo, kiache. Hesabu yake: volti 230 gawanya kwa miliampia 10 unapata 23,000, toa omu 1,000 za ukinzani wa mwili wa binadamu.

Binti Saketi: Kwa nini tusifunge tu vyote, kaka?

Mzee wa Mega: Dada, hicho cha taulo ukikifunga umekipa njia ya umeme ambayo hakikuwa nayo. Mtu akishika waya hai mkono huu, na ule mwingine uko kwenye taulo, umeme unapita kifuani. Kikiwa pweke, haupiti.

Fundi wa Pwani: Nimepima leo asubuhi. Taulo: zaidi ya megaomu 200. Bomba: omu 2,100. Dirisha ndilo limenichanganya, omu 19,000, na ukuta umelowa kwa hizi mvua. Nisubiri ukauke?

Mzee wa Mega: Usisubiri. Wenye nyumba wataoga masika pia, fuata kipimo cha hali mbaya zaidi, yaani ukuta ukiwa umelowa. Bomba lifunge pale linapoingia nyumbani, waya wa milimita za mraba 10, halafu pima bafuni.

Binti Saketi: RCD (swichi inayokata umeme unapovuja) ya miliampia 30 ipo? Kwa kanuni za Uingereza, BS 7671, saketi zote za bafuni zikiwa nayo, zikikata umeme kwa wakati, na vyuma hivyo vimeshafungwa vizuri kwenye erthi kuu, waya wa ziada bafuni si lazima. Kikomo kati ya chuma na erthi ni omu 1,667, yaani volti 50 gawanya kwa ampia 0.03.

Fundi wa Pwani: Ipo, inakata vizuri. Bomba sasa linasoma omu 0.3. Kesho nafunga waya wa dirisha. Ahsanteni sana.