Naomba ushauri: CRP ya mama (kipimo cha damu kinachopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi) imepanda tena wiki ya 7 baada ya kuwekewa goti bandia

Habari wakuu. Mama (miaka 68) aliwekewa goti bandia wiki 7 zilizopita. CRP ilishuka hadi 9, juzi imerudi 46. ESR (kipimo kingine cha damu cha aina hiyo) ni 70, ila hiyo hainisumbui sana, huweza kukaa juu miezi kadhaa baada ya upasuaji. CRP ndiyo inanitisha. Kwa kawaida hupanda siku ya 2 au 3, kisha hutulia ndani ya wiki chache.

Hana homa, kidonda kimefunga, lakini goti lina joto na usiku linamuuma. Mwenyewe anasema ni baridi tu.

Daktari wa zamu kaandika antibayotiki. Mimi nilitaka kwanza wavute maji ya goti yakaoteshwe maabara, dawa zisije zikamficha mdudu. Aliyepitia hili: vidonge visubiri tumwone aliyempasua?